Matari, kasida na alama za hesabu: muziki unaufundisha nini ubongo wa mtoto?

SWALI: Assalamu alaikum Daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Langoni, Lamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 10. Tangu mwaka jana amejiunga na vijana wanaopiga matari na kusoma kasida, na mjomba wake ameanza kumfundisha kupiga udi. Baada ya magharibi hayupo nyumbani. Baba yake anasema matari yanampotezea wakati, maana alama za hesabu zimeshuka. Shemeji yangu wa Malindi naye anasema muziki unakuza akili, nimnunulie kinanda cha umeme na nimtafutie mwalimu. Nimsikilize nani? Mdogo wake ana mwaka mmoja, nisubiri akue kwanza? Na mimi mwenyewe nina hamu ya kujifunza udi, au nimeshachelewa?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe. Matari yanamfundisha mwanao kitu, na kitu hicho hupimika ndani ya ubongo: sikio lake linazidi kuwa jepesi kushika mpangilio wa sauti, yaani silabi, maneno, lafudhi na mapigo. Hesabu hayamfundishi. Shemeji yako amepitiliza, na baba watoto naye hajatazama vizuri kinachotendeka mtoto anapokaa kwenye safu ya wapiga matari.

Ubongo wa binadamu haungoji mwalimu ndipo uanze kutafuta mpangilio. Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport, waliokuwa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi kwa dakika 2 tu. Ulikwenda hivi: bidakupadotigolabubidakutupirogolabu, bila kituo, bila mkazo, kwa sauti bapa ya kompyuta. Hapana maana yoyote ndani yake. Lakini tazama vizuri: baada ya "bi" daima inakuja "da", na baada ya "da" daima inakuja "ku". Baada ya "ku" mambo yanabadilika, inaweza kuja "pa", au "go", au "tu". Kwa hiyo ndani ya "bidaku" kila silabi inaitabiri inayofuata kwa hakika, ila kwenye mpaka wa "maneno" uwezekano unashuka hadi mmoja kati ya mitatu. Hicho ndicho kidokezo pekee walichopewa. Na watoto walikishika! Walipochezewa baadaye silabi zilezile zikiwa zimekatwa mahali pasipo pake, walisikiliza kwa muda mrefu zaidi, kama mtu anavyogeuka akisikia kitu kigeni. Mtoto ambaye bado hajaweza kusema "mama" alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya silabi ipi hufuata ipi. Mwaka 1999 jaribio likarudiwa kwa sauti za muziki badala ya silabi, na watoto wakafanya vilevile.

Kwa hiyo uwezo wa kushika mpangilio mwanao anao tangu yuko mbelekoni, na mdogo wake anao hivi sasa. La kuuliza ni kama mazoezi ya muziki yanauongeza.

Tunavyochungulia ndani ni hivi. Mtu huvishwa kofia yenye vinasio vidogo vinavyopima umeme wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa. Anachezewa sauti moja inayojirudia, kisha katikati inapenyezwa moja iliyotofautiana kidogo. Katika muda usiofika robo ya sekunde, umeme unashtuka. Unashtuka hata kama mtu huyo anasoma gazeti na hana habari na kinachopigwa. Risto Näätänen wa Ufini na wenzake waliueleza mshtuko huu mwaka 1978, na mimi nauona kuwa mojawapo ya mambo ya kupendeza kabisa katika elimu ya ubongo, kwa sababu unatuonyesha kwamba ubongo ulikuwa umekwisha kukisia sauti inayofuata, na makisio yake yamevunjwa. Kwa wanamuziki mshtuko huo mara nyingi ni mkubwa zaidi, hasa kosa linapokuwa kwenye mpangilio wa sauti kadhaa.

Ila hapo ngoja kwanza. Kumkuta mwanamuziki na ubongo wa namna fulani hakuthibitishi kwamba muziki ndio ulioufanya hivyo. Pengine alizaliwa na sikio kali, na ndiyo sababu akaipenda ala. Watafiti wa Uswidi mwaka 2014 walichapisha kazi iliyohusu mapacha zaidi ya 10,000, na kati ya pacha wa kufanana kabisa, yule aliyefanya mazoezi mengi zaidi ya muziki hakumshinda mwenziwe katika kutofautisha sauti na midundo. Ndiyo maana picha za "ubongo wa mwanamuziki" zinazosambazwa kwenye simu hazinishughulishi sana. Zinazonishughulisha ni tafiti zilizochukua watoto wa kawaida, zikawagawa makundi, zikawafuata.

Mmojawapo ulifanywa Ufaransa na Clément François, Daniele Schön na wenzao, ukachapishwa 2013. Watoto walikuwa wa miaka 8, karibu na umri wa mwanao. Kundi moja lilifundishwa muziki kwa miaka 2, kundi jingine uchoraji kwa miaka hiyohiyo. Uchoraji haukuwekwa kwa kubahatisha. Mtoto yeyote akipata mwalimu anayemjali na shughuli anayoipenda huchangamka, kwa hiyo ukiwalinganisha watoto wa muziki na watoto waliokaa bure, hujui kama kilichosaidia ni muziki au ni kujaliwa. Mwanzoni makundi yote yalikuwa sawa. Walisikilizishwa lugha ya kubuni, silabi zimeshikana bila kituo kama zile za watoto wachanga, kisha wakaulizwa lipi kati ya haya ni neno la lugha hiyo. Watoto wa muziki waliimarika mwaka hadi mwaka. Wa uchoraji walibaki wakibahatisha.

Hili ndilo ningependa baba watoto alisome mara mbili. Kilichoimarika hakikuwa kuimba wala kupiga ala. Ni uwezo wa kuchukua usemi usioufahamu na kuyatoa maneno yaliyo ndani yake, kazi ileile mtoto anayoifanya akijifunza lugha ya pili.

Sasa ongeza hili. Lugha ya kubuni ya Wafaransa hao iliimbwa. Miaka kadhaa nyuma, mwaka 2008, Schön na wenzake walikuwa wamewasikilizisha watu wazima lugha ya namna hiyo kwa takriban dakika 7 ikisemwa tu, na wasikilizaji wakashindwa kuyatambua maneno. Wengine waliisikiliza kwa muda uleule ikiimbwa, kila silabi na sauti yake, wakaweza. Mahadhi yalikuwa yamewashika mkono. Mfikirie mwanao na kasida ya Kiarabu ambayo nusu ya maneno yake bado hayajui. Mahadhi yanamwonyesha neno linapoanzia na linapokomea, mizani inamjulisha ubeti umekatika wapi, kina kinampa mahali pa kutua. Akifika siku ya kusomeshwa maana, maneno yatakuwa yamekwisha kutengana masikioni mwake. (Siizungumzii Qurani hapa. Usomaji wake una elimu yake na adabu yake, na wenyewe hawauiti muziki.)

Safari nyingine wakifanya mazoezi, na hasa Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ukikaribia ambapo hawapumziki, utazame mkono wake badala ya uso. Mtoto mgeni hupiga tari baada ya kumsikia mwenzake. Mkono wake unafuata, na safu inasikika kama inaburuta mguu. Aliyezoea huanza kuuinua mapema, na kiganja chake kinafika kwenye ngozi pamoja na cha mwenzake kwa sababu kilianza safari kabla ya sauti. Hapo unauona utabiri kwa macho yako, ule ule tunaoutafuta kwa vinasio. Kisha anayeongoza anaongeza mwendo kuelekea mwisho wa kasida, mabega yote yanayumba pamoja, na safu nzima inamfuata ndani ya pigo moja au mawili. Katika mapigo hayo mawili kila mtoto amelipima kosa lake, amelisahihisha, na amekisia upya. Atayafanya hayo mara mia kabla ya isha. Sijui somo jingine la jioni linalompa mtoto wa miaka 10 masahihisho mengi hivyo kwa saa moja, tena bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Mkono ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ujerumani mwaka 2008 watu wazima ambao hawakuwahi kujifunza muziki waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilijifunza kupiga mfululizo mfupi kwenye piano kwa wiki 2, vikao vya dakika 25. Kundi la pili lilisikiliza tu yale yaliyopigwa na la kwanza na kusema wapi pamekosewa. Sauti walizozipata ni zilezile. Ule mshtuko wa ubongo nilioutaja ukaongezeka zaidi kwa waliopiga kwa mikono yao. Kwa hiyo, dada, kumwekea mtoto muziki ndani ya nyumba hakuwezi kulingana na kumpa tari mkononi. Hapa pia ndipo inapoangukia ile habari iliyoenea dunia nzima kwamba kumsikiliza Mozart kunaongeza akili. Ilitokana na jaribio la 1993 la wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza kwa dakika 10, na tofauti iliyoonekana haikudumu zaidi ya robo saa hivi. Wala hawakuwa watoto. Achana nayo.

Mdogo wake usimngojeshe, ila pia usimtafutie mwalimu. Huko Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor walichukua watoto wa miezi 7 na mdundo wa mapigo sita usiokuwa na mkazo popote. Watoto wengine wakarushwarushwa kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu, kwa dakika 2. Baadaye kila mtoto alipenda kusikiliza mdundo uliotiwa mkazo pale aliporushwa yeye. Kumtazama tu mtu mwingine akirukaruka hakukutosha, mwili wa mtoto mwenyewe ulipaswa kwenda. Ukienda kwenye vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini inayopigwa kwa pembe, ukiwa umempakata kiunoni na nyonga zako zikienda na pembe, unampa somo hilohilo, na unampa mdundo unaogawanyika kwa mbili na kwa tatu kwa pamoja, ambao masikio mengi ya ugenini huhangaika nao.

Tena umri wake ni wa thamani. Erin Hannon na Sandra Trehub walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto wa Amerika ya Kaskazini wa miezi 6 hutambua kosa katika midundo ya nchi za Balkani sawa na katika midundo ya kwao. Wakifika miezi 12 wamekwisha kuipoteza ile ya kigeni. Lakini wakisikilizishwa nyumbani kidogo kila siku kwa wiki 2, inarudi. Watu wazima wakifanyiwa hivyohivyo haiwarudii. Mtoto wako sasa yuko kwenye mlango huo. Mwache asikie vingi: vugo, tarabu, kasida, muziki wa Kihindi, ngoma za Wapokomo, chochote kilicho hai.

Turudi kwa baba watoto, kwa sababu upande wake haujasemwa bado. Fundi wa nakshi za milango akipita mbele ya fremu huliona mara moja ua lililokosewa kati ya maua mengi. Jicho hilo limelelewa na kazi, lakini hatulitarajii limkumbushe madeni ya dukani. Sikio la mpiga matari ni hivyohivyo. Linasaidia pale palipo na sauti: kusikia matamshi, kufuata usemi penye kelele, kushika lugha mpya. Likitoka hapo msaada unapungua haraka sana. Glenn Schellenberg alichukua watoto 144 wa miaka 6 mjini Toronto, akachapisha mwaka 2004 kwamba waliosoma muziki mwaka mzima waliongezeka pointi 7 kwenye kipimo cha akili, na wengine pointi 4.3. Tofauti ya pointi tatu pungufu, basi. Mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti 54 za watoto karibu 7,000, na walipozitazama zile zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, faida ya muziki kwenye akili ya jumla na masomo ya darasani ilikaribia sifuri. Wapo wanaobishana nao. Mimi naona wamesema kweli, na naona ni afadhali wazazi waambiwe hivyo kuliko kuuziwa ndoto kisha mtoto alaumiwe asipokuwa wa kwanza darasani.

Kwa hiyo matari hayatazipandisha hesabu zake. Lakini sioni kwa nini yazishushe, na hapa nakuomba ufanye upelelezi kabla ya kutoa hukumu. Anarudi saa ngapi? Analala saa ngapi? Akilala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri, amepata saa 7. Mtoto wa umri wake anahitaji kati ya 9 na 12. Mtoto aliyepungukiwa hivyo kila siku hushindwa na hesabu hata kama hajawahi kuligusa tari. Na matari yenyewe yanaumia, kwa sababu mpangilio uliojifunza mchana ubongo huuimarisha usiku. Watu waliofundishwa mfululizo wa kubonyeza kwa vidole huamka wakiwa wepesi zaidi kwa takriban asilimia 20, bila zoezi lolote katikati, na waliokaa macho muda uleule hawaongezeki hivyo.

Ningepanga hivi. Hesabu zifanywe baada ya alasiri, kichwa kikiwa bado kina nguvu, na daftari lionekane kabla hajatoka. Matari yaishe kwa isha, si baada yake, na siku za shule wazee wa kikundi waombwe wawaachie wadogo mapema. Watakubali, wao pia ni wazazi. Kumwondoa kabisa kama adhabu nisingekushauri. Baba watoto akitaka kupima matunda, asipime kwa muhula mmoja. Nina Kraus wa Chuo Kikuu cha Northwestern aliwafuata watoto wa familia za kipato cha chini Los Angeles waliokuwa kwenye mafunzo ya muziki ya bure. Baada ya mwaka mmoja ubongo wao haukuonyesha mabadiliko yoyote katika kutofautisha silabi zinazokaribiana. Baada ya miaka 2 ukaonyesha. Mwanao ana mwaka mmoja tu kwenye matari.

Kinanda cha umeme usinunue, angalau si sasa. Vile vya bei nafuu vina kitufe cha mdundo, ukikibonyeza mashine inashika wakati na mtoto anaufuata, maana yake kazi iliyomjenga kwenye safu ya matari inafanywa na betri. Kisha sauti zake zimekwisha kupangwa. Udi ni kinyume. Shingo yake haina vigawanyo kama vya gita, kidole kikisogea kidogo tu sauti inaharibika, na sikio ndilo linalokirudisha mahali pake. Maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, zina sauti zinazokaa katikati ya funguo mbili za kinanda, ambazo kinanda cha kawaida hakina pa kuziweka. Mji uliomtoa mpiga udi mashuhuri Zein l'Abdin una udi na una wa kuufundisha, na mwanao ana mjomba ndani ya nyumba. Hizo fedha mnunulie nyuzi za akiba. Jambo moja tu la kuangalia: wakipiga karibu na spika kubwa asikae mbele yake, na akirudi akisema masikio yanalia, mpumzishe siku mbili tatu. Masikio yakiharibika kwa kelele hayarudi.

Wewe hujachelewa. Wale watu wazima wa Ujerumani walibadilika kwa wiki 2. Hutapata wepesi wa mtoto, na midundo ambayo hukulelewa nayo itakuchosha, lakini tarabu umelelewa nayo, mpangilio wake unao tayari kichwani, kilichobaki ni vidole. Dakika 20 au 25 kwa siku zinatosha, kila siku, kuliko saa tatu za Ijumaa. Na mwombe kaka yako awafundishe wewe na mwanao katika kikao kimoja: wewe upige, mtoto akusahihishe, kwa sababu mtoto anayemsahihisha mwingine hana budi kulisikia kosa waziwazi kabla ya kulitaja.